Bei ya Kusubiri

Jumapili moja mwaka 2022 Mama alinikuta chumbani kwangu Noonkopir, Kitengela, nimetandaza karatasi za mtihani kitandani, kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi tena. Hakuuliza ni za nini. Alivua viatu, akakaa ukingoni, akaanza kuzipanga mafungu ya ishirini ishirini na kuyafunga kwa mipira, vile alivyofunga vipande vya suruali kiwandani kwa miaka 20. Vidole vyake vilikwenda bila macho kuvifuata. Karatasi zilikuwa 213. Alipofika mwisho akauliza, "Hizi wanakulipa kwa kipande?"

Nikamwambia la, nalipwa kwa saa za kusimama darasani. Kutunga mtihani na kusahihisha kumo humo humo.

"Na zile za mwaka jana walilipa?"

Nikanyamaza. Aliweka fungu la mwisho juu ya mengine, akayasawazisha kwa viganja vyote viwili, akasema, "Basi sisi tulikuwa afadhali, mwanangu. Sisi mwezi ukiisha tulikuwa tunaona kitu."

Mama aliishia darasa la saba. Mimi siku ile nilikuwa na shahada mbili na nimeanza ya tatu. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta namna ya kueleza kwa kurasa nyingi jambo ambalo yeye alilisema kwa pumzi moja: kwamba mtoto wa mfanyakazi anaweza kusoma hadi akasimama mbele ya darasa la chuo kikuu, na bado awe amesimama kwenye lango lile lile alilosimama mamake.

Lango hilo nalifahamu. Tulihamia Kitengela kutoka Makueni mwaka 1996, nikiwa na miaka mitano. Baba alikuwa amepata kibarua cha kupakia saruji kwenye malori kule Athi River, mifuko ya kilo 50 begani, na jioni alirudi nywele zake za kijivu kama za babu. Kitengela ya siku hizo ilikuwa steji, vibanda vya nyama choma, ploti za mabati na nyika iliyokwenda hadi Mbuga ya Nairobi. Punda milia walipita nyuma ya choo chetu. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, ilikuwa imepitishwa mwaka 1990. Na Marekani ilipotunga sheria ya AGOA mwaka 2000 na kuziruhusu nguo zetu kuingia huko bila ushuru, viwanda vya kushona viliongezeka Athi River mwaka baada ya mwaka. Wafanyakazi walihitaji pa kulala, na pa kulala palikuwa kwetu. Sensa ya 2009 ilihesabu Kitengela watu zaidi ya 58,000. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 154,000. Ghorofa nyingi unazoziona leo kando ya barabara ya Namanga zimejengwa kwa kodi ya watu wanaoshona, wanaopakia na wanaolinda usiku.

Mama alingoja langoni wiki tatu kabla ya kuchukuliwa, mwaka 2001. Siku moja ya likizo nilikwenda naye ili nimshikie mdogo wangu iwapo ataitwa. Wanawake walikuwa wamefika kabla ya jua, wamejifunga leso juu ya sweta, wengine wameketi kwenye mawe ya ukingo wa barabara. Saa moja lango dogo likafunguka, akatoka mwanamume na daftari, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa kitambaa chekundu. Likafungwa. Waliobaki hawakuondoka. Jua lilipanda, mtoto akalia, wakawa bado wapo, kwa maana mtu akiugua kazini mashine yake hubaki wazi. Nilimuuliza Mama kwa nini wasirudi nyumbani.

"Ukienda nyumbani," akasema, "ndipo wanaita."

Januari 2003 yalitokea mambo mawili ambayo kwetu tuliyaona kuwa moja. Serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na wafanyakazi wa EPZ Athi River wakagoma. Nilikuwa naingia darasa la sita. Mwaka uliotangulia nilirudishwa nyumbani mara nyingi kwa deni kiasi kwamba bawabu wa shule alinijua kwa jina. Mama alirudi kutoka kwenye mgomo kiatu kimoja kimepotea, anacheka, nami nikiwa na vitabu vya bure mkononi. Tulikula chapati siku hiyo. Sijasahau kwamba elimu yangu na haki ya kazi ya mamangu viliingia nyumba moja wiki moja.

Mwaka 2006 nilijiunga na shule ya bweni mjini Kajiado kwa basari na harambee. Basari yenyewe fomu yake ilikuwa bure, ila kupata sahihi zote kulimgharimu Baba siku sita: leo chifu hayupo, kesho mhuri umefungiwa, keshokutwa njoo na nakala nyingine. Kibarua hana ruhusa ya kazini. Asipopakia halipwi. Kwa hiyo msaada ule wa maskini tuliulipia ujira wa siku sita kabla ya kuuona, na mzazi mwenye mshahara wa mwezi angeutafuta kwa simu. Harambee ilifanyiwa uani, chini ya kamba za nguo. Wanawake wa laini ya Mama kiwandani walitoa hamsini hamsini, kila jina likiandikwa kwenye daftari la jalada jeusi. Daftari hilo ninalo hadi leo. Majina ni 41. Mtu akiniuliza nani alinisomesha, huwa naanzia hapo.

Kajiado ndiko nilikofundishwa kwamba umaskini una sura nyingi. Msichana niliyekaa naye dawati moja alitoka upande wa Il Bisil. Kwao karo ilikuwa ng'ombe: kila mwanzo wa muhula babake alipeleka fahali mnadani, akaja shuleni na noti zilizokunjwa ndani ya shuka. Nilimwonea wivu. Sisi hatukuwa na cha kuuza ila mgongo wa Baba. Kisha ukaja ukame wa 2009, tukiwa kidato cha nne. Mizoga ililala kando ya barabara, na ng'ombe waliosalia walikonda hata mnunuzi akawa hawatazami. Muhula wa pili alichelewa wiki tano. Wa tatu hakurudi. Alikuwa akinishinda hisabati kila mtihani, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu, matokeo yalibandikwa ukutani tukayasoma. Mwishoni mwa mwaka mvua ilinyesha. Mtihani wa kitaifa haukuingoja.

Nimewaza sana juu ya msichana yule. Babake hakuwa fukara kwa hesabu ya kawaida. Mwaka mmoja kabla alikuwa na mali kuliko walimu wetu wengi. Lakini mshahara wa mwalimu huja mvua isiponyesha. Mali yake yeye haikuweza kusubiri miezi minne.

Mimi nilipata alama za kuitwa chuo kikuu kwa ufadhili wa serikali, na hapo nikaingia foleni nyingine. Siku hizo vyuo havikuwa na nafasi za kutosha, kwa hivyo tuliomaliza 2009 tulikaa hadi 2011. Aliyekuwa na pesa hakukaa. Aliingia kupitia mpango sambamba, ule wa kulipa ada kamili ulioanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998 na kuenea vyuo vyote vya umma, na nilipofika mwaka wa kwanza nilikuta baadhi ya wenzangu wa rika wanaingia mwaka wa pili wakiwa na alama chini ya zangu. Miaka ile miwili nilikata nyuzi kiwandani, kazi ya msaidizi: suruali inakufikia kutoka kwa mshonaji, unaigeuza, unakata ncha za uzi kwa kimkasi, unaisukuma mbele. Nilinunua godoro na sanduku. Tulikuwa wasichana watano tuliongoja barua za vyuo katika laini moja. Tulioondoka tulikuwa watatu. Mmoja alipata mtoto, mwingine aliona ndugu zake wanakula kwa mshahara wake akashindwa kuwanyang'anya chakula. Hakuna takwimu itakayowahesabu hao wawili kama walionyimwa elimu. Kwenye makaratasi, walikosa kufika siku ya usajili.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya 1995, ulitaka wadhamini wawili. Nikampata mchungaji wetu na mama mmoja wa laini. Ada ya mafunzo kwa mwanafunzi wa serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo ulikuwa kati ya 35,000 na 60,000. Fungu langu la kwanza nililigawa nusu kwa nusu na nyumbani, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa amefukuzwa shule kwa karo. Deni hilo nalilipa mpaka leo, na riba yake ya asilimia 4. Wanafunzi wangu wengi hugawana mikopo yao na nyumbani vivyo hivyo, na husikia watu wakiwasema kwamba wanakula mikopo kwa anasa.

Lakini kitu kilichonichelewesha zaidi chuoni hakikuwa pesa. Mwaka wa pili rafiki yangu, binti wa wazazi wawili waliofundisha vyuo vikuu, aliniambia niende nikamwone profesa fulani saa za kuonana na wanafunzi, nimweleze wazo langu la utafiti. Nilishtuka. Ratiba ya saa hizo nilikuwa nimeiona mlangoni mwaka mzima na kudhani ni ya wenye makosa. Shuleni kwetu ukiitwa ofisini umekosea jambo. Nyumbani kwetu Baba akiitwa ofisini anaachishwa kazi. Ningejuaje kwamba kuna watu huenda ofisini kwa hiari yao, wakaketi, wakaongea, wakatoka na barua ya mapendekezo? Rafiki yangu hakuwa ananiringia. Aliligawa jambo lile kama mtu anavyogawa maembe ya kwao. Ila lilikuwa la kwao, na mimi nililipata kwa bahati ya kuwa jirani wa kitanda.

Desemba 2015 nilihitimu. Mama alichukua ruhusa ya siku moja, akakatwa mshahara wa siku hiyo. Watu wakipiga picha, yeye alishika upindo wa joho langu, akaugeuza ndani nje, akaupitishia kidole gumba kwenye mshono. "Hii wameikimbiza," akasema. "Uzi haukufungwa mwisho. Itafumuka." Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, kwa maana hatembei bila sindano, akapiga magoti kwenye nyasi, akaufunga. Joho lilikuwa la kukodi. Tulilirudisha saa kumi na moja jioni likiwa zima kuliko tulivyolichukua. Katika watu wote waliovaa majoho uwanjani siku ile, hakuna aliyejua namna yanavyoshonwa, na aliyejua alikuwa amepiga magoti.

Nikiwa kwenye uzamili nilimsoma bell hooks, mwanamke mweusi wa Kentucky, Marekani, ambaye babake alikuwa mfagizi na mamake mtumishi wa nyumbani, akasoma Stanford, na mwaka 2000 akachapisha kitabu kizima juu ya tabaka. Nikamsoma Pierre Bourdieu, mwana wa mfanyakazi wa posta wa kijiji cha kusini magharibi mwa Ufaransa, aliyefika kilele cha usomi Paris na bado akaandika kwamba nafsi yake imebaki imepasuka kati ya kule alikotoka na kule alikofika. Yeye ndiye aliyenipa maneno ya kueleza jambo la saa za ofisini: kwamba shule humtuza mtoto kwa kile alichopewa nyumbani, kisha ikakiita kipaji. Niliwasoma kama mtu anayesoma barua za jamaa walio mbali. Lakini kuna jambo letu ambalo humo sikulikuta. Wao wanaeleza aibu na upweke. Upweke na sisi tunao. Ila kinachomtoa mtoto wa kibarua katika usomi huku kwetu, nimekiona kwa macho, ni kodi ya nyumba ya tarehe tano.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alizaliwa Limuru na mama mkulima ambaye, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwonya kabla ya kumpeleka shule kwamba huenda siku nyingine asipate chakula cha mchana. Kufikia 1967 alikuwa akifundisha chuo kikuu Nairobi. Wengi wa kizazi chake walitoka kwenye majembe, na wadogo zao waliowafuata walisoma kwa gharama ya serikali: mafunzo, malazi, chakula, na juu yake posho ya mkononi iliyoitwa boom. Mtoto wa kibarua akiingia chuo kikuu wakati huo alipumzika kuwaza njaa kwa miaka mitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, boom ilifutwa na kuchangia gharama kukaanza. Waliotia sahihi mabadiliko hayo wengi wao walikuwa wamesomeshwa na utaratibu walioufuta. Nalisema hilo bila chuki, lakini nalisema.

Nilianza kufundisha mwaka 2019 kama mhadhiri wa muda katika chuo kimoja cha umma. Malipo ni kwa saa, na somo moja huhesabiwa saa 45. Barua ya kazi hufika katikati ya muhula, wakati mwingine baada ya mtihani. Unafundisha kwa imani. Kisha unapeleka madai, fomu inatembea kutoka idara hadi kitivo hadi fedha, inarudi kwa kukosa nakala, inatembea tena. Muhula wangu wa kwanza nilisubiri miezi 14. Chuo hicho hakiko peke yake. Vyuo vingi vya umma nchini vinadaiwa na wahadhiri wa muda malimbikizo ya mihula mingi, na bila wahadhiri hao masomo mengi yasingefundishwa. Machi 2020 korona ilifunga vyuo. Saa za kusimama darasani zikawa hakuna, na malipo yakawa hakuna. Baadhi ya viwanda vya EPZ viligeukia kushona barakoa, na cha Mama kilikuwa kimojawapo. Kodi yangu ya miezi minne ililipwa na barakoa. Nilikuwa na miaka 29, nikiitwa "Mwalimu" mtaani kote, nikilishwa na mwanamke wa mashine aliyekuwa na haki ya kudhani kwamba zamu yangu ya kumlisha imefika.

Watu huniuliza kwa nini sikuacha. Jibu ni lile la langoni: ukienda nyumbani ndipo wanaita. Kila Agosti kuna fununu ya nafasi za kudumu. Ukikataa somo muhula huu, jina lako linaondoka kwenye orodha, na mwenzako aliyekuwa kwenye jiwe la pembeni anachukua mashine yako.

Nina mwenzangu tuliyeanza naye mwaka mmoja, katika ofisi ya watu saba na viti vitatu. Ni mtafiti mzuri na rafiki wa kweli. Aliishi kwa wazazi wake, mtaa wenye miti na ukuta, na hakulipa kodi wala umeme. Yeye naye hakulipwa miezi 14, akaivuka kama mtu anavyovuka kijito cha kiangazi. Makala yake ilipokubaliwa kwenye kongamano Afrika Kusini, alilipa nauli mwenyewe, akarejeshewa baada ya miezi tisa. Mimi mwaka huo huo nilikubaliwa kongamano lile lile. Nikaambiwa vivyo hivyo, kwamba nilipe kwanza nitarejeshewa. Wakati ule nilikuwa nakopa kwa Fuliza, mkopo wa simu, kununua unga. Sikwenda. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilikuwa imetoa vigezo vilivyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na vigezo hivyo si vibaya. Wanafunzi wetu wanastahili walimu waliobobea. Ila uzamifu una ada, na ada haina subira. Yeye alimaliza kwa miaka minne. Mimi niliahirisha mara mbili. Nafasi ya kudumu ilipotangazwa mwaka 2023 alikuwa na uzamifu, makala tano na makongamano mawili, wakampa. Nilikuwemo kwenye usaili huo na nakiri kwamba ningekuwa mezani upande wa pili ningempa yeye.

Huo ndio ukweli unaoniuma na ambao nataka ueleweke. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeuliza kabila langu wala kudai hongo. Tulipimwa kwa haki siku ya usaili, baada ya miaka minne ya kupepetwa na kitu ambacho hakimo kwenye fomu yoyote: nani kwao kuna akiba ya kumsubirisha. Kiswahili kina methali nyingi za kusifu subira. Inavuta heri, mvumilivu hula mbivu. Nimezisikia tangu utotoni na kuziamini, na naamini waliozitunga walijua wanachosema. Lakini katika maisha yangu kila subira ilikuwa na mtu aliyeilipia. Wiki tatu za langoni zililipwa na mgongo wa Baba. Miaka miwili ya kungoja chuo niliilipa kwa kimkasi. Miezi 14 ililipwa na mama wa miaka hamsini na kitu. Nikimwambia mwanafunzi avumilie, siku hizi najiuliza kwanza anavumilia kwa pesa za nani.

Mwaka 2024 nilikuwa na mwanafunzi aliyelala darasani kila Jumanne. Awali nilimwekea alama ya utovu wa nidhamu, nami naona haya kuiandika sentensi hii. Siku moja nilimngojea nje. Alikuwa analinda jengo la ghorofa linalojengwa upande wa Yukos, Kitengela, zamu ya usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi anapanda matatu kuja darasani. Mpango mpya wa ufadhili ulioanza 2023 uligawa wanafunzi makundi kwa hali ya familia zao, na yeye alikuwa ameangukia kundi la tano, ambalo familia ilitakiwa kuchangia asilimia 40 ya gharama. Mamake anauza sukuma wiki. Nikamuuliza alijaza nini kwenye fomu. Akasema alijaza ukweli, kwamba wanaishi nyumba ya mawe, ghorofa ya tatu, yenye stima na maji ya bomba. Ni chumba kimoja cha kupanga, watu watano. Fomu haikumuuliza nyumba ni ya nani. Alikuwa amekata rufaa na anasubiri majibu. Desemba mwaka ule Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo unakiuka Katiba, na kesi ikaendelea mbele. Kijana wangu aliendelea kulinda jengo.

Nimebadili namna ninavyofundisha. Mhadhara wa kwanza sasa hauanzi na Karl Marx. Naanza na mlango: saa za kuonana na mwalimu ni za nini, mtu akifika anasema nini, barua ya mapendekezo huombwaje, kuahirisha muhula kunafanywa vipi ili usihesabiwe kuwa umetoroka, wapi panapokatiwa rufaa ya mkopo. Nawataka watatu watatu waje ofisini wiki ya pili hata kama hawana swali. Wengine husimama mlangoni bila kuingia, nami najua wanachoogopa. Huwaambia waketi. Wakati mwingine kiti ni kimoja, nikasimama mimi.

Kuanzia Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma, chini ya chama chao cha UASU, waligoma kwa siku 49 wakidai malimbikizo ya makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Miaka minne tangu makubaliano yale yaishe, fedha zake zilikuwa bado hazijalipwa zote. Niliunga mkono mgomo huo kwa moyo wote, na Mama akanikumbusha kiatu chake kilichopotea. Lakini sisi wa muda hatukuwamo kwenye makubaliano yale. Mgomo uliposimamisha masomo, saa zetu zilisimama pamoja nayo, na ulipokwisha tulifundisha mbio kufidia.

Kwa hiyo nina ombi, nalo nalielekeza kwa wanaotia sahihi: wakuu wa idara, maafisa wa fedha, wizara na Hazina. Barua ya kazi itolewe kabla ya mhadhara wa kwanza. Saa za kusahihisha zihesabiwe kuwa saa. Na mhadhiri wa muda alipwe muhula unapokwisha, kama mshonaji anavyolipwa mwezi unapokwisha, kwa sababu watoto wa walalahoi hawatabaki kufundisha vyuo vikuu vya nchi hii kwa kusifiwa uvumilivu wao. Zile karatasi 213 za mwaka 2022, alizozifunga Mama kwa mipira, nilizirudisha kwa wakati, alama zikaingizwa, wanafunzi wengi wakahitimu. Malipo yake bado sijayaona.